Betty Robinson: Dhahabu ya Pili Ndiyo Kubwa

Jina la Betty Robinson likitajwa, visa viwili hufuata mara moja. Cha kwanza ni cha treni: msichana wa shule anaikimbilia, mwalimu aliyekaa ndani anamwona, na miezi michache baadaye binti huyo ni bingwa wa Olimpiki. Cha pili ni cha buti la gari: ndege imeanguka, aliyefika kwanza anadhani binti amekwisha kufa, anamlaza kwenye buti na kumpeleka kwa mtu wa kuandaa mazishi. Vinasimulika vizuri mno, na kwa uzuri huo vimemfunika mkimbiaji mwenyewe.

Anayefuatilia mbio fupi ana swali zito zaidi la kuuliza. Mtu asiyeweza kukunja goti sawasawa aliingiaje kwenye timu iliyotwaa dhahabu ya mbio za kupokezana vijiti, mita 100 mara 4, mjini Berlin mwaka 1936? Jibu liko kwenye sheria za mchezo, kwenye namna mwili unavyoondoka mstarini, na kwenye akili ya kutafuta nafasi pekee ambayo mguu ule ungeweza kutumika. Ukiyapima hayo, medali ya Berlin, ambayo kumbukumbu nyingi huipitia haraka kama zawadi ya kijiti kilichowaponyoka Wajerumani, ni kazi kubwa kuliko ile ya kwanza, ya Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928.

Hata hivyo Amsterdam yenyewe haikuwa jambo dogo. Robinson alizaliwa tarehe 23 Agosti 1911 Riverdale, kijiji cha jimbo la Illinois kusini mwa Chicago, na akasoma sekondari ya Thornton katika mji wa Harvey. Mwalimu wa sayansi, Charles Price, ambaye pia alifundisha riadha, ndiye aliyemwona akiifukuza treni. Price hakuishia kushangaa. Alimpima kwa saa katika korido ya shule, yadi 50, na namba aliyoiona ikamtosha. Shule haikuwa na timu ya riadha ya wasichana, kwa hiyo binti akafanya mazoezi pamoja na wavulana.

Tarehe 30 Machi 1928 alishiriki mashindano yake rasmi ya kwanza, ndani ya jengo, akamaliza wa pili nyuma ya Helen Filkey, aliyekuwa mmoja wa wanawake wenye kasi zaidi Marekani. Tarehe 2 Juni, jijini Chicago, akakimbia mita 100 kwa sekunde 12.0, muda ambao hakuna mwanamke aliyejulikana kuupita. Tarehe 4 Julai, kwenye mchujo wa kitaifa huko Newark, akawa wa pili nyuma ya Elta Cartwright na kukata tiketi ya meli. Tarehe 31 Julai akawa bingwa wa Olimpiki, akiwa na umri wa miaka 16 na siku 343. Mpaka leo hakuna mtu, mwanamume wala mwanamke, aliyeshinda mita 100 za Olimpiki akiwa mdogo zaidi ya hapo.

Miezi minne, tangu mashindano ya kwanza hadi dhahabu. Wengi husoma mfululizo huo kama uthibitisho wa kipaji cha kuzaliwa, na kipaji kilikuwapo. Lakini unasema jambo jingine pia kuhusu mchezo wenyewe: mwaka 1928 riadha ya wanawake haikuwa na ngazi. Hakukuwa na mashindano ya vijana ya miaka mitatu minne ambayo yangemchelewesha msichana wa miaka 16 kwa kumkutanisha na waliokomaa. Waliokuwa wakishindana kwa miaka mingi walikuwa wachache, na mlango ulikuwa umefunguliwa juzi tu.

Mlango huo ulifunguliwa kwa shinikizo. Alice Milliat, Mfaransa, aliongoza shirikisho la kimataifa la michezo ya wanawake lililoundwa Paris mwaka 1921, na baada ya wakubwa wa Olimpiki kuendelea kuwakataa wanawake kwenye riadha, akaandaa michezo yao wenyewe: Paris 1922, Gothenburg 1926, kisha Prague 1930 na London 1934. Michezo ile ilifanikiwa, na kufanikiwa huko ndiko kulikowalazimisha wakubwa kufungua. Milliat alidai ratiba kamili ya wanawake. Akapewa mashindano matano kwa majaribio: mita 100, mita 800, mita 100 mara 4, kuruka juu na kurusha kisahani. Wanariadha wanawake wa Uingereza waliona hayo ni dharau wakasusia. Walikuwa na sababu. Mkimbiaji wa mbio fupi alipewa nafasi moja tu ya kushinda peke yake.

Nafasi moja maana yake ni kwamba kosa moja linamaliza kila kitu, na fainali ya Amsterdam ilionyesha hivyo bila huruma. Walioingia fainali walikuwa sita: Wakanada watatu (Fanny Rosenfeld, Ethel Smith na Myrtle Cook), Wajerumani wawili (Leni Schmidt na Erna Steinberg), na Robinson, Mmarekani pekee aliyebaki baada ya Cartwright kutolewa kwenye nusu fainali. Cook ndiye aliyekuwa akitazamwa zaidi, kwa kuwa tarehe 2 Julai mwaka huohuo alikuwa amekimbia sekunde 12.0 huko Halifax.

Vibao vya kuanzia havikuwapo. Mkimbiaji alichimba mashimo mawili kwa mwiko mdogo kwenye uwanja uliotandazwa chenga za makaa yaliyoungua: la mguu wa mbele karibu na mstari, la mguu wa nyuma likiwa nyuma zaidi, kila moja likiwa na ukuta wa nyuma wa kusukumia. Ukuta huo ukichimbwa umelegea, au ukiwa umelala badala ya kusimama, unamomonyoka mara mguu unaposukuma na mkimbiaji anapoteza hatua ya kwanza. Ndiyo maana kila mtu alikuwa na vipimo vyake vya mashimo na aliyalinda. Isitoshe, kila jaribio la kuondoka linaharibu shimo kidogo. Fainali yenye kuchomoka kabla ya mlio mara kadhaa inawaacha wote na mashimo mabovu na misuli iliyokaza.

Yaliyotokea yalikuwa hayohayo. Sheria ya wakati ule ilimruhusu mkimbiaji kuwahi bastola mara moja. Ya pili ilimtoa. Cook aliwahi mara mbili akatolewa, akaketi kando ya uwanja akilia. Schmidt naye akatolewa kwa kosa lilelile. Wakabaki wanne. Kwa msichana aliyekuwa na mashindano machache kuliko vidole vya mkono mmoja, kuamrishwa kukaa tayari, kurudishwa, kukaa tayari tena, na kuwaona wenzake wawili wakiondolewa, ulikuwa mtihani kuliko mbio zenyewe. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba kabla ya hapo aligundua amebeba viatu viwili vya misumari vya mguu wa kushoto, ikabidi kingine kifuatwe haraka.

Alimaliza kwa sekunde 12.2, Rosenfeld akafuata kwa 12.3, Smith naye 12.3. Kwa kasi ile, sehemu moja ya kumi ya sekunde haifiki mita moja. Saa zilikuwa za kubonyezwa kwa mkono na nafasi ziliamuliwa kwa macho ya waamuzi waliokaa mstarini, kwa hiyo haishangazi kwamba upande wa Kanada kulibaki watu walioamini Rosenfeld ndiye aliyefika kwanza. Siku tano baadaye Wakanada walijibu kwenye mbio za kupokezana: walishinda kwa sekunde 48.4, Marekani ikawa ya pili kwa 48.8, na aliyemalizia upande wa Kanada alikuwa Myrtle Cook yuleyule, akimwacha nyuma Robinson aliyemalizia upande wa Marekani. Mbio hizo hazitajwi sana na wanaosimulia kisa cha treni, ingawa ndizo zilizompa Robinson somo la kijiti alilolihitaji miaka minane baadaye.

Kati ya mbio hizo mbili kulitokea jambo lililowaathiri wanawake wote wa mbio kwa miongo mitatu. Fainali ya mita 800, tarehe 2 Agosti, ilikuwa na wakimbiaji tisa, na wote tisa walimaliza. Lina Radke wa Ujerumani alishinda kwa dakika 2 na sekunde 16.8, rekodi ya dunia, Kinue Hitomi wa Japani akawa wa pili. Baadhi walijilaza kwenye nyasi baada ya kumaliza, kama wafanyavyo wanaume waliokimbia kwa nguvu zote. Magazeti yakaandika habari za wanawake kuanguka ovyo na kushindwa kumaliza, hata idadi ya walioshiriki wakaikosea. Kwa habari hizo mita 800 ziliondolewa na hazikurudi hadi Roma 1960. Mita 200 za wanawake zilisubiri mpaka London 1948, na mita 400 mpaka Tokyo 1964.

Kwa Robinson hesabu yake ni hii. Mkimbiaji wa leo mwenye kasi kama yake kulinganisha na wenzake angepanga mita 100, mita 200 na mbio za vijiti. Yeye katika maisha yake yote ya Olimpiki alikuwa na mbio fupi mbili tu zisizo na viunzi za kuchagua, na nyumbani Marekani nguvu zake alizimalizia kwenye yadi 50, 70, 100 na 220, umbali ambao mwingi wake haukuwa na pa kuushindania duniani. Kati ya 1929 na 1931 alikuwa akishinda na kuweka rekodi kwenye umbali huo. Anayefungua orodha ya Olimpiki na kukuta jina lake mara moja upande wa mtu mmoja mmoja asidhani alikuwa bingwa wa siku moja. Orodha ilikuwa fupi kuliko uwezo wake.

Tarehe 28 Juni 1931 joto lilikuwa kali, na kocha alikuwa amewakataza wakimbiaji wake kuogelea. Robinson akamwomba binamu yake, aliyekuwa na ndege ndogo, amrushe apunge upepo. Ndege ikapoteza nguvu ikaanguka. Wote wawili walipona, lakini yeye alivunjika mguu vibaya, mkono ukaumia, na kichwa kikapasuka.

Hapa ndipo hadithi inapoanza kumeza historia. Kisa cha buti la gari kimesimuliwa kwa namna nyingi. Wengine husema alipoteza fahamu kwa wiki saba, wengine miezi saba, na wanaosema hivi na vile hunakiliana bila kusimama kuuliza. Mtu hawezi kuwa bila fahamu kwa miezi saba na papo hapo, ndani ya miezi hiyohiyo, awe anajifunza kukaa na kusimama. Lililo imara linatosha: mfupa ulioungwa kwa chuma, miezi kwenye kiti cha magurudumu, takriban miaka miwili kabla ya kutembea kawaida tena, mguu mmoja ukabaki mfupi kwa karibu nusu inchi, na goti ambalo halikurudi kukunja kikamilifu. Olimpiki ya Los Angeles ya 1932 ikampita. Huko mita 100 zilishindwa na Stanisława Walasiewicz wa Poland kwa sekunde 11.9. Robinson alikuwa anakaribia kutimiza miaka 21, umri ambao mwanamke wa mbio fupi ndiyo kwanza anaingia kwenye nguvu zake.

Goti hilo linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndilo linaloamua thamani ya yaliyofuata.

Kuanza kwa kuchuchumaa kuna hatua mbili. Kwenye amri ya kwanza mkimbiaji hupiga goti la nyuma chini, vidole vya mikono nyuma ya mstari, uzito ukigawanyika kati ya mikono, goti na mashimo ya miguu. Kwenye amri ya pili nyonga huinuka kupita mabega kidogo. Goti la mbele hubaki limekunjwa karibu pembe mraba, la nyuma limefunguka zaidi. Faida yake ni kwamba mwili mzima uko mbele ya miguu, hivyo nguvu ya kusukuma inaelekea nyuma na mwili unaruka mbele. Goti lililokunjwa ndilo linalohifadhi nguvu hiyo: paja linalolinyoosha ndilo linalomtoa mtu mstarini.

Goti lisipokunja, kila kitu kinaharibika kwa mpangilio wake. Mkimbiaji hawezi kushuka kwenye amri ya kwanza bila kulala upande. Nyonga inakwenda juu mno kwa sababu mguu umebaki mrefu. Mguu ulio karibu kunyooka hauna pa kusukumia, maana umbali wa kunyooka umekwisha kabla haujaanza. Hata akijilazimisha, uzito unaangukia upande mmoja na hatua ya kwanza inamtoa nje ya mstari wake.

Kuanza wima mbele ya watu waliochuchumaa nako ni hasara. Aliyesimama wima uzito wake uko juu ya miguu, kwa hiyo hatua zake za kwanza zinatumika kuuinamisha mwili wakati wenzake wamekwisha kuondoka. Kwenye mita 100, ambapo dhahabu na fedha ya Amsterdam zilitenganishwa na sehemu moja ya kumi, hakuna wa kuzubaa hivyo na bado akaingia fainali. Mita 100 za mtu mmoja mmoja zilikuwa zimefungwa kwake, na alilijua hilo.

Kasi ya katikati ya mbio nayo ilidai gharama. Mguu unaporudi mbele baada ya kusukuma, mkimbiaji huukunja ili kisigino kipite karibu na kalio. Mguu uliokunjwa unazunguka haraka, ulionyooka unazunguka polepole. Goti gumu linaongeza muda mdogo kwenye kila hatua ya mguu huo, na hatua za mguu mmoja kwenye mita 100 zinakaribia nusu ya hatua zote. Juu yake weka mguu mfupi: nyonga inaanguka upande huo kila unapokanyaga, na mdundo wa hatua haulingani kulia na kushoto. Mwili unaweza kufunzwa kuyabeba hayo, lakini kwa mazoezi ya muda mrefu, na mgongo na nyonga ndivyo vinavyolipa.

Sasa tazama mbio za vijiti. Kati ya wakimbiaji wanne, ni mmoja tu anayeanza kwa kuchuchumaa: wa kwanza. Wa pili, wa tatu na wa nne huondoka wakiwa wamesimama, mwili umeinama kiasi, kichwa kimegeuzwa kumtazama anayekuja. Kasoro iliyomfungia Robinson mlango wa mita 100 haikuhesabiwa hata kidogo kwenye nafasi tatu kati ya nne. Aliyeliona hilo alilisoma jeraha vizuri: alitenganisha kile mguu usichoweza na kile unachoweza. Robinson hakuhitaji kurudi kuwa yule wa 1928. Alihitaji kuwa miongoni mwa wakimbiaji wanne bora wa Marekani wanaoanza wima, na huko alifika.

Mjini Berlin alipewa kipande cha tatu. Kipande hicho hukimbiwa kwenye kona, na kina kazi mbili za kijiti: kukipokea na kukikabidhi. Wa kwanza hukabidhi tu, wa nne hupokea tu. Makosa ya kipande cha tatu kwa hiyo yanaweza kutokea kote kuwili. Siku zile eneo la kubadilishana lilikuwa mita 20, na anayepokea alilazimika kuanza ndani ya mita hizo. Zile mita 10 za ziada za kujipatia kasi ziliongezwa miaka ya 1960. Maana yake kijiti kilipokewa wakati mpokeaji bado anapanda kasi, na muda wa kusahihisha kosa ulikuwa mfupi sana.

Mpokeaji huweka alama uwanjani, hatua kadhaa nyuma ya eneo lake. Anayekuja akikanyaga alama hiyo, mpokeaji anaondoka bila kusita. Alama ikiwa mbali mno, anaondoka mapema na kijiti hakimfikii ndani ya mita 20. Ikiwa karibu mno, anayekuja anamkanyaga visigino na kasi yote inapotea. Ugumu unazidi pale anayekuja ana kasi ndogo na anayepokea ana kasi kubwa, na hiyo ndiyo iliyokuwa hali ya Robinson na aliyemfuata. Wa nne alikuwa Helen Stephens, aliyeshinda mita 100 siku chache nyuma kwa sekunde 11.5 akimwacha Walasiewicz kwa sehemu mbili za kumi. Mtu wa kasi hiyo akitoka nusu hatua mapema, hakuna wa kumfikia. Kazi ya Robinson ilikuwa kuimaliza kona akiwa bado na kasi, asilegee kwenye mita zake za mwisho, ambako uchovu humpata kila mtu, na mwenye goti gumu humpata kwanza.

Marekani ilipanga Harriet Bland, Annette Rogers, Robinson na Stephens. Ujerumani ilipanga Emmy Albus, Käthe Krauss, Marie Dollinger na Ilse Dörffeldt. Kwa karatasi Wajerumani walikuwa bora: Krauss, Dollinger na Albus walikuwa wa tatu, wa nne na wa sita kwenye fainali ya mita 100, wakati Marekani ilikuwa na Stephens wa kwanza na Rogers wa tano. Kwenye mchujo Ujerumani ilikimbia kwa sekunde 46.4, rekodi ya dunia. Tarehe 9 Agosti, kwenye fainali, Wajerumani waliongoza kwa mita kadhaa mpaka makabidhiano ya mwisho, na hapo, kati ya Dollinger na Dörffeldt, kijiti kikaanguka. Marekani ikashinda kwa 46.9, Uingereza ikafuata kwa 47.6, Kanada ikawa ya tatu kwa 47.8.

Je, Ujerumani ingeshinda kama kijiti kisingeanguka? Kwa uongozi ule, pengine ndiyo, na sioni sababu ya kukwepa kulisema. Stephens angepunguza pengo, lakini mita nyingi hazimezwi kirahisi na mtu anayekimbia vizuri mbele yako. Lakini hapo ndipo wachambuzi wengi wanapokosea: wanachukulia kijiti kama mzigo unaobebwa pembeni ya mbio. Kijiti ndicho mbio. Muda wa timu ni muda wa kijiti kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na timu inayoongoza kwa mita kadhaa haina haja ya makabidhiano ya hatari. Wajerumani waliingia makabidhiano yale wakijua Stephens anawasubiri jirani. Yeye ndiye aliyekuwa shinikizo. Na alikuwapo kwenye mbio akiwa na nafasi ya kutisha kwa sababu aliyemletea kijiti, kwenye goti gumu na mguu mfupi, alikileta salama. Tofauti ya Marekani na Uingereza iliyofuata ilikuwa sehemu saba za kumi za sekunde, zaidi ya mita tano. Timu iliyobebwa na bahati tupu haiwaachi wengine hivyo.

Kuna watu wa kuongezwa kwenye hesabu hii, na kuwaacha nje ni kuipunguzia ukweli. Louise Stokes na Tidye Pickett, Wamarekani weusi, walikuwa wamefuzu kwenye kundi la mbio za vijiti mwaka 1932, wakawekwa kando Los Angeles na nafasi zikapewa wakimbiaji weupe. Mwaka 1936 wote wawili walisafiri kwenda Berlin. Pickett alikimbia mita 80 kuruka viunzi, akawa mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kushindana kwenye Olimpiki, na akaumia kwenye nusu fainali. Stokes hakupangwa kukimbia chochote. Kurejea kwa Robinson kulipewa muda, subira na imani na watu wa riadha; Stokes, mwenye miguu mizima, hakupewa hata kipande kimoja cha mita 100 katika michezo miwili. Hili halimwondolei Robinson medali yake, maana hakuwa yeye aliyepanga timu. Linaonyesha tu kwamba mlango uliofunguliwa mwaka 1928 ulikuwa mwembamba kuliko picha za Amsterdam zinavyoonyesha, na anayeandika kuhusu wanawake wa kwanza wa mbio fupi anapaswa kuwaandika na waliosimama nje yake wakiwa na viatu mkononi.

Robinson aliacha kushindana baada ya Berlin, wiki mbili kabla ya kutimiza miaka 25. Mwaka 1939 aliolewa na Richard Schwartz. Hata kama angetaka kuendelea, Olimpiki za 1940 na 1944 hazikufanyika kwa sababu ya vita. Alibaki karibu na uwanja akisaidia kupima muda kwenye mashindano na kuwahimiza wasichana wakimbie. Mwaka 1977 akaingizwa kwenye jumba la heshima la riadha la Marekani, mwaka 1996 akabeba mwenge wa Olimpiki ya Atlanta akiwa na miaka 84, na tarehe 18 Mei 1999 akafariki.

Kwenye orodha za ubora wa wakati wote jina lake huwekwa chini, kwa kuwa sekunde 12.2 kwenye mashimo ya makaa hazilinganishwi na za leo. Orodha hizo hupima muda, na hilo ni haki yake. Ila ukipanga wakimbiaji wa enzi ile kwa swali jingine, yaani nani alifikia kiwango cha Olimpiki mara mbili kwa miili miwili tofauti, mmoja mzima na mmoja uliounganishwa kwa chuma, kati ya waliotwaa dhahabu kabla ya vita sioni wa kumweka mbele yake.